Kikombe cha Onema

Siku zile tulikuwa wanne nyumbani, mtaa wa Alunguli: mimi Mwavita, mwanangu Waziri ambaye hakuwa bado na meno, mama mkwe wangu Mauwa, na mpangaji wetu Prasert, msanii kutoka Thailandi. Mume wangu alikuwa safarini na treni.

Prasert aliokota vitu vilivyotupwa, vifuniko, makopo ya sardini, waya za baiskeli, akaviunganisha vikawa ndege na samaki. Watoto wa mtaa walimcheka; yeye aliwagawia ndege. Waziri naye alitundikiwa ndege mkubwa juu ya mkeka wake, awe akilia upepo ukipita.

Tangu hapo Waziri alikataa ziwa langu. Hakulia. Alikonda tu, huku akitabasamu. Maziwa yalinivimba kifuani hadi nikapata homa.

Jioni moja nilirudi kutoka kuchuma sombe, majani ya muhogo.

Tone... tone...

Mvua haikunyesha. Nikanusa maziwa, na udongo mbichi.

Tumbo la ndege lilikuwa kikombe. Chini kilikuwa na tundu. Tunduni kilitoka kitu cheupe, kikidondoka mdomoni mwa mwanangu.

Akameza.

"Mama!" nikapiga kelele.

Mama mkwe, ambaye humwita mjukuu wake bwana, alikuja akitania, "Bwana yangu amekufanya nini tena?" Akaona ua la buluu kwenye kikombe.

"Citoyen Prasert," akanong'ona, "ulitosha wapi kikombe hii?"

"Kule mu majani, mama, nyuma ya miembe. Iko na tundu. Nilizani wameitupa."

"Kule njo makaburi! Tunatoboa kikombe ya marehemu juu muntu asiibebe. Hii njo ya Onema. Mimi mwenyewe nilipiga musumari."

Onema alikuwa jirani yetu. Nilipokuwa na mimba alinitekea maji bila kuombwa. Yeye alikufa akijifungua, akazikwa na mtoto wake, kifua kimejaa maziwa.

"Mutoto akinyonya kwa mufu, atamufuata," mama mkwe alisema. "Murudishe kikombe yake mbele jua lizame."

Nilimfunga Waziri mgongoni. Prasert alibeba kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba yai, machozi yakimtoka.

Udongo wa kaburi ulikuwa umelowa. Pale tu.

Prasert alipiga magoti, akakiweka.

"Unisamehe, mama," akasema.

Nami nikanong'ona, "Dada Onema, aksanti. Lakini huyu ni wangu. Wako uko naye."

Kisha mtoto akalia.

Prasert aligeuka kumtazama Waziri. Waziri alikuwa amelala mgongoni mwangu, mdomo umefungwa.

Sauti ilitoka chini.

Ikalia kwa njaa. Halafu ikatulia, kama mtoto anavyotulia akipata ziwa.

Hatukukimbia. Tulishikana mikono hadi nyumbani, na mlangoni Waziri akaamka, akalitafuta ziwa langu.

Sasa anakwenda shule. Kikombe hataki kukigusa. Maji anakunywa kwa viganja.