Uji Ndani ya Rejeta

Anakunywa maji kila siku wala hakojoi. Siku akikojoa, baba mwenye nyumba hali chakula. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekwenda Arusha, nimekula, nimelala, nimerudi. Jibu ni gari. Maji yake hukaa ndani ya rejeta, ile sehemu ya mbele yenye vijia vyembamba. Maji yanazunguka kwenye injini na kuipoza. Ukiona yamemwagika chini, gari linaumwa.

Asubuhi moja Melkiadi wa Maisaka alikuta gari lake limekojoa. Gari lenyewe ni kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Siku hiyo alitakiwa kupeleka magunia ya alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta, huko Bagara.

"Mama Vailet! Njoo uone!"

Mkewe, Rosemary, alikuwa anamkamua Mapambo. Ng'ombe wao ni huyo mmoja tu. Maziwa yake ndiyo yanayomsomesha binti yao, Vailet.

"Si umenunua rejeta mpya juzi kwa Bushiri?" Rosemary alijibu bila kuachia chuchu. "Si alikupa waranti ya miezi mitatu? Mpigie simu."

Waranti ni ahadi ya muuzaji. Anasema hivi: kitu hiki kikiharibika chenyewe kabla ya muda fulani, kilete, nitakupa kingine au nitakitengeneza.

Melkiadi akatoa simu mfukoni. Kabla hajabonyeza, mama mkwe wake akatokea jikoni. Huyu ni Bibi Xaveria. Alikuwa ameshuka kutoka Mbulu kuwatembelea. Bibi Xaveria akiongea, hata jogoo wa jirani hunyamaza.

"Kinavuja nini hapo?"

"Ni rejeta, Mama. Tena mpya."

"Mpya? Ndiyo maana. Chungu kipya huvuja. Kwetu chungu kipya tunakipikia kwanza uji mwepesi. Uji unaingia kwenye vitundu, unaziba. Baada ya hapo unapika maharage mpaka wajukuu."

"Mama, hicho si chungu," alisema Rosemary.

"Kinatiwa maji?"

"Ndiyo."

"Kinapata moto?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ni chungu. Leteni unga."

Melkiadi alihisi kuna kasoro. Lakini mkwe atamkataliaje mama mkwe, tena uji umeshaiva? Aliupokea kwa mikono miwili. Akaumimina kwenye rejeta taratibu, kama anamnywesha mgonjwa.

"Asante, Mama," alisema.

Mtasema ni ajabu, lakini maji yaliacha kuvuja. Bibi Xaveria akafunga kanga yake vizuri, akapanda mbele. "Twende," alisema. "Hao mafundi wenu wanawala tu hela."

Walipita mjini salama. Walipoanza kupanda kuelekea Bagara, mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Melkiadi aliuona. Akamtazama mama mkwe. Akaendelea kupanda.

Mara moshi mweupe ukatoka mbele. Haukuwa na harufu ya gari. Ulinukia kiamsha kinywa.

Kijana wa bodaboda akawafikia ubavuni. "Shikamoo, mzee! Uji huo kikombe shilingi ngapi?"

"Endesha pikipiki yako!" Melkiadi alifoka.

Mshale ulipogusa rangi nyekundu, aliogopa. Akasimama na kuzima injini. Hapo alifanya jambo la akili. La pili halikuwa la akili. Alivua shati, akalifunga mkononi, akashika mfuniko wa rejeta.

"Baba Vailet! Acha! Usifungue!"

Aliyepiga kelele ni Shadya. Shadya ni fundi magari, gereji yake iko hapo hapo barabarani. Kwao Maisaka ni jirani yao. Alikuja mbio, spana mkononi.

"Maji ya humo yana moto na yamebanwa," alisema. "Ukifungua sasa yataruka usoni. Utachubuka kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Unazima gari, unasubiri lipoe kabisa. Vaa shati lako, mama mkwe yupo."

Melkiadi alivaa haraka mpaka akageuza nje ndani.

Walisubiri. Gari lilipopoa, Shadya akafungua mfuniko. Akachungulia. Akaingiza kidole. Akakitazama kile kidole kwa muda.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nani amepika?"

"Mimi. Kwani hauna chumvi?"

Shadya alikaa chini kwenye tairi kuukuu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia aliwaeleza. Vijia vya rejeta ni vyembamba kama mrija wa soda. Uji umegandia humo, maji hayapiti tena. Injini inakosa cha kuipoza.

"Rejeta haitaki uji, yai wala unga wa manjano," alisema. "Hata maji ya ziwani hayafai, yanaleta kutu na magamba. Inataka kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa kwenye dumu. Na mngesonga mbele, gasketi ya injini, ile inayoziba katikati ya vyuma, ingeungua. Hapo mngelipa laki sita, saba."

Melkiadi akamsogelea. "Si kuna waranti? Shadya, hebu tuisafishe kwanza. Bushiri asijue."

"Mimi siingii huko," alisema Shadya.

"Na mimi Jumapili nimepokea komunyo," alisema Bibi Xaveria. "Siendi kudanganya kwa ajili ya rejeta. Twende tukaseme."

Shadya akaifungua rejeta, wote watatu wakapanda nayo bajaji hadi dukani kwa Bushiri, karibu na stendi. Bushiri aliipokea rejeta, akaitikisa. Donge la uji likaanguka juu ya kaunta. Wote wanne walilitazama.

"Kaka Melkiadi," alisema Bushiri taratibu, "waranti yangu ni ya kasoro za kiwandani. Hii ilivuja kwenye muungano, pale ilipoungwa kiwandani. Ungeniletea vile vile ilivyo, leo ungeondoka na mpya. Ila sasa nitawaambia nini walioniuzia mimi? Nilikuambia siku ile: usifungue, usizibe, usitie kitu."

"Ulimwambia asitie uji?" aliuliza Bibi Xaveria.

"Bibi yangu, nani angewaza uji?"

"Wewe ndiye muuzaji. Ungewaza."

Bushiri alicheka, lakini waranti ilikuwa imekufa. Rejeta nyingine ilikuwa laki mbili na nusu. Melkiadi akainama.

"Basi," alisema. "Namuuza Mapambo."

Akampigia mkewe. Rosemary alisikiliza yote. Kisha akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni: "Muuze. Na usiku ulale ndani ya hilo gari. Asubuhi ulikamue!"

Shadya akaingilia. "Ng'ombe wa nini? Ulisimama mapema, injini haijafa. Naweza kuosha rejeta hii na kuufunga upya ule muungano. Utanunua kulanti na mpira mmoja wa maji, wa sasa umevimba. Pamoja na kazi yangu ni laki moja."

"Elfu arobaini nitatoa mimi," alisema Bibi Xaveria. "Nitauza kuku wangu wawili. Uji ulikuwa wangu."

"Mama, haiwezekani, wewe ni mkwe..."

"Uji ulikuwa wangu!"

Hata Bushiri alirudi nyuma hatua moja.

Waliponunua ule mpira, safari hii Melkiadi aliuliza maswali. Waranti ni ya muda gani? Miezi sita. Inahusu nini? Mpira wenyewe ukipasuka bila kuchezewa. Je, kazi ya fundi? Hapana, hiyo unalipa mwenyewe. Nini kinaua waranti? Kuufunga kwa waya, kuukata, kutia dawa za mtaani. Akachukua risiti, akaipiga picha kwa simu, kwa sababu karatasi hufutika.

Kirikuu kikarudi kazini. Kabla mbaazi hazijavunwa, hata ile miezi sita haijaisha, siku moja Melkiadi aliona ule mpira mpya unatoa majimaji. Alizima gari pale pale uani. Hakugusa kitu. Akapiga picha, akampigia Bushiri, akamwita Shadya.

Wakati wanasubiri, jirani mwingine, Damasi, alipita na yai mkononi.

"Melkiadi, vunja hili humo. Linaziba saa hiyo hiyo, nakuapia."

Bibi Xaveria, ambaye bado hajarudi Mbulu, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kirikuu, mwiko mapajani. Akainuka.

"Wee Damasi! Sogeza yai lako! Gari hili lina waranti!"

"Waranti ndiyo nini, Bibi?"

"Ni usiguse!"

Damasi aliondoka na yai lake, anatazama nyuma. Shadya akaja, akaukagua mpira, akasema umechanika wenyewe shingoni. Bushiri naye akafika, akapekua pande zote kutafuta uji. Hakuna. Akatoa mpira mwingine, bure. Kazi ya Shadya wakailipa, elfu kumi tu, na mchana gari likabeba mzigo.

Jioni Rosemary alimkamua Mapambo. Bibi Xaveria akajaza chupa ya lita moja, akaipeleka dukani mwenyewe.

"Ya nini haya, Bibi?" aliuliza Bushiri.

"Ya ng'ombe ambaye hatukumuuza. Kunywa."

"Asante sana, Bibi."

"Lakini uyachemshe leo leo," alisema Bibi Xaveria, anatoka. "Ukiyaacha juani yakachacha, usituletee. Hilo litakuwa kosa lako, waranti haihusu."