Kidole Gumba cha Fidèle

Msomaji anayekula na aweke sahani kando kwanza, kwa sababu mapenzi haya yalianzia juu ya rundo la makayabo.

Ilikuwa siku ya soko Mpondwe, pale chini ya Bwera ambako Uganda inaishia na Kongo inaanzia. Makayabo, yaani samaki wa chumvi, walikuwa wamelala mezani, wakinuka kwa bidii. Vasta, mkaguzi wa afya, alipita kati ya meza akiwa na gambuti za buluu, koti jeupe lililopigwa pasi, na pua iliyokunjwa tangu asubuhi. Alikuwa ameshaona nzi akizama kwenye kikombe cha chai na chai ikanywewa hivyo hivyo. Alikuwa ameshaona mtu akipenga kamasi kwa mkono uleule aliokatia nyama. Akadhani uchafu wa siku hiyo umekwisha.

Kisha akamwona Fidèle.

Kijana huyo, muuza makayabo kutoka Butembo, alivaa shati la kitenge lenye tausi na viatu vya ncha vilivyong'aa kama vya bwana harusi, ila mikono ya shati ilikuwa imepambwa kwa magamba. Mbele yake, juu ya samaki, kulikuwa na kitabu cha hesabu na kibao cheupe cha plastiki. Aliandika namba kwa kalamu ya wino, akazitazama, akalamba kidole gumba, akazifuta. Kwa kidole hichohicho akamgeuzia mteja samaki.

"Umefanya nini?" Vasta aliuliza.

"Jambo, dokta. Nimefanya hesabu."

"Umelamba kidole."

"Kwetu tunafutaka na mate. Mate iko bure."

"Mate, halafu wino, halafu samaki, halafu mdomoni tena. Unajua hiyo inaitwa nini?"

"Inaitwa duara," Fidèle alisema kwa heshima.

Vasta angempa onyo papo hapo, lakini macho yake yalimsaliti, yakasoma swali lililokuwa kitabuni. Treni mbili ziko mbali kilomita mia nne, moja inakimbia sitini kwa saa, nyingine arobaini, zinakuja uso kwa uso. Zitakutana baada ya muda gani? Alizijua treni zile. Zilikuwa zimemkanyaga mara mbili. Chuo kilimwekea nafasi ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa sharti kwamba afaulu mtihani wa kuingilia, na mara mbili hesabu zilimwangusha. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kuruhusiwa.

"Jibu ni ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayekagua choo.

"Saa ine. Kila saa zinakaribiana kilomita mia. Mia ine kwa mia."

"Kazi yake iko wapi?"

"Nimefuta."

Ndivyo walivyoanza. Fidèle alikuwa na shahada ya hesabu ya kwao, naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani huohuo, akifanya mazoezi kwenye kibao kama kile wanachopewa watahiniwa. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kwenda Kasese, alikoishi Vasta, wakakaa kwenye jukwaa la stesheni ya zamani ambako treni hazijaonekana tangu wazazi wao wakiwa vijana. Mbuzi walilala relini. Darini waliishi popo, ambao walichangia somo kutoka juu bila kuombwa. Vasta alitandika gazeti, juu yake kanga, juu ya kanga plastiki, ndipo akakaa.

Tatizo lake halikuwa akili. Alisoma shule ya bweni iliyomfundisha kwamba jibu lisilo na kazi ni sifuri, na ile hofu haikumtoka. Kwa hiyo kila swali alianza na "Acha t iwe muda," akashuka mistari kumi, akachora mistari miwili chini ya jibu kwa rula.

"Nani atasoma hii yote?" Fidèle aliuliza.

"Mwalimu."

"Ni kompyuta njo itasahihisha, sheri. Kompyuta haina habari na rula yako."

"Usiniite mpenzi, hata kwa Kifaransa, ukiwa na samaki kwenye kucha."

"Kibao imejaa. Futa."

"Nitaleta kitambaa."

"Kwa mtihani wanakatazaka kitambaa. Batu waliandikaka ndani majibu."

Hilo Vasta alilijua vizuri. Mara zote mbili kibao chake kilijaa mapema, akanyoosha mkono kuomba kingine, akangoja, akaletewa, kikajaa, akanyoosha tena. Muda ulimwishia mkono ukiwa juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda haja.

"Lamba tu," Fidèle alisema.

"Afadhali nifeli."

"Utafeli safi kabisa."

Inasikitisha kuandika kwamba alimpenda. Jioni simu ilipolia, alikuwa ameshaketi karibu nayo.

"Nimenawa mikono," Fidèle alianza.

"Kwa sabuni?"

"Sabuni ya kweli. Sasa naweza kukuambia nakupenda, ama ningoje nikauke?"

"Ngoja ukauke," Vasta alisema, akalala na tabasamu lililomchukiza yeye mwenyewe.

Mtihani ulipokaribia, alinunua flana laini, akaipinda kingo kwa mkono, akatarizi herufi F kwenye pembe. Ilikuwa zawadi ya mwanamke aliyekata tamaa ya kubadilisha mtu na kuamua angalau kumfuta. Siku ya soko alikwenda nayo Mpondwe ikiwa mfukoni mwa koti.

Kwenye meza ya makayabo alikuta msichana mwenye nywele za kusuka hadi kiunoni na blauzi ya manjano iliyobana. Kibao kilikuwa mapajani mwake. Fidèle aliinama juu ya bega lake, akacheka, akalamba kidole gumba na kumfutia hesabu yake.

Vasta alisimama. Kile kidole alikuwa amekitukana tangu siku ya kwanza. Alikiita mfereji, alikiita ugonjwa wa mlipuko. Sasa aligundua kwamba alikuwa akikihesabu kuwa chake.

Hakuuliza neno. Alitoa utepe mwekundu wa ofisi, akauzungusha kwenye meza na kuufunga fundo.

"Meza hii imefungwa."

"Kwa kosa gani?" Fidèle aliuliza.

"Mate."

"Vasta, unafungia samaki yangu siku ya soko? Wataoza."

"Ni afisa Vasta."

Wauzaji wa jirani walicheka. Msichana wa manjano alifungua mdomo, lakini Vasta alikuwa ameshageuka, gambuti zikipiga tope. Simu ililia njia nzima hadi Kasese. Hakuipokea.

Siku ya tano baada ya soko, mkuu wake wa ofisi, mzee Kosiya, alimwita.

"Binti yangu, yule Mkongo ulimkosea nini?"

"Yeye ndiye mchafu, mzee."

"Alikuwa. Dada yake amekuja hapa na ndoo na brashi kuomba ruhusa. Ameosha ile meza mpaka mbao zimepoteza harufu. Wateja wanapita hawaitambui."

"Dada yake yupi?"

"Yvette, mtoto wa mama yake mdogo. Ana blauzi ya njano, inaumiza macho. Na yeye anasomea huo mtihani wenu. Hukumuuliza?"

Vasta alitoka nje, akavua koti jeupe. Katika uchafu wote aliowahi kuuandikia onyo, hakuna uliofanana na huu: afisa aliyetumia utepe wa serikali kufuta wivu wake.

Alishuka Mpondwe bila koti. Samaki walionyeshewa mvua wakaoza chini ya utepe walikuwa wametupwa nyuma ya meza, na funza walikuwa kazini. Alikata utepe kwa mkono wake.

"Nisamehe, Fidèle. Sikujua ni dada yako."

Fidèle aliendelea kupanga samaki. Shati la tausi hakulivaa. Alivaa fulana ya kijivu.

"Treni mbili unaziandikiaka mistari kumi," alisema. "Kwa mimi haukuandika hata moja. Jibu tu, na mistari mbili chini yake."

Vasta aliukunja utepe uliokatwa, akautia mfukoni.

"Kesho mtihani yako," Fidèle alisema. "Yangu iko wiki ijayo. Nenda ulale."

Mtihani ulifanyika Kasese, kwenye chumba cha kompyuta ghorofani. Msimamizi, mwanamke aitwaye Naswiba aliyepaka hina kucha zote, alimpekua mifuko, akakuta ile flana yenye herufi F ambayo haikumfikia mwenyewe, akaiweka kwenye boksi mlangoni. Vasta akabaki na kibao, kalamu na kompyuta iliyonata kwa jasho la wengine.

Kibao kilijaa, kama kawaida. Alinyoosha mkono. Naswiba alikuwa dirishani, akibishana na fundi wa jenereta. Kwenye skrini kulikuwa na mabomba mawili: moja hujaza tangi kwa saa tatu, jingine kwa saa sita. Yakifunguliwa pamoja, litajaa kwa saa ngapi?

Mkono ulibaki juu. Muda ulikuwa ukishuka pembeni ya skrini.

Akaushusha mkono. Akatazama kidole chake gumba, kidole cha mtu mwenye cheti cha usafi. Akakilamba.

Kilikuwa na ladha ya wino, kichungu kama dawa ya minyoo, na chumvichumvi ya kibodi ya watu asiowajua. Akafuta kibao chote. Theluthi na moja ya sita ni nusu. Nusu tangi kwa saa. Saa mbili. Hakuandika kazi. Hakuchora mstari. Akaenda swali la mbele, akalamba tena.

Aliposhuka ngazi, alimkuta Fidèle barabarani amevaa shati la tausi. Mkononi alishika jagi la maji na kipande cha sabuni ambacho bado kilikuwa kwenye karatasi yake.

"Si ulisema nikalale," Vasta alisema.

"Nilisema ulale. Sikusema mi sitakuja. Onyesha kidole."

Akakionyesha. Kilikuwa cheusi hadi kwenye kiungo.

"Umelamba," Fidèle alisema polepole.

"Usiongee."

"Na alama?"

"Zimetokea kwenye skrini. Zimetosha." Sauti yake ilikatika. "Fidèle, samaki wako..."

"Samaki nitapata bengine. Nataka nipande kwenu Kyondo kuona baba yako. Na mbuzi ya mahari, vile desturi yenu iko."

"Usiende na makayabo."

"Bila makayabo. Unakubali?"

"Nitakubali ukinawa."

Fidèle alimtazama usoni, akakunja paji. Kwenye kidevu cha Vasta kulikuwa na doa la wino. Kabla hajafikiri, mazoea yakamtangulia: alilamba kidole gumba, akalifuta.

Wote wawili waliganda.

"Hiyo ni uchafu," Vasta alisema.

Lakini hakusogea, na Fidèle alipomaliza upande mmoja, Vasta akamgeuzia wa pili. Sabuni ilirudi Mpondwe ikiwa bado kwenye karatasi yake.