Alama Kwenye Nguzo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Isidra alipitia ufukweni palipokuwa kwao. Aliweka kisahani cha wali juu ya kizingiti, akafanya ishara ya msalaba na kusema, "Kula, Mama. Sisi tupo." Kimbunga kilimchukua mama yake, na mwili haukuonekana. Mtaa mzima ulifagiliwa, kikabaki kizingiti na nguzo moja ya zege, vya nyumba yao.

Siku moja walikuja wanafunzi wa usanifu majengo kutoka mjini, na mianzi na daftari zao. Walikuwa wanabuni vibanda vya familia zilizokuwa bado zinalala hemani. Kiongozi wao, Rogelyn, alisimama kanisani baada ya misa.

"Tutafuata mstari wa tope ulioachwa na maji," alisema. "Palipozidi mita mbili hatujengi. Watu watahamia mlimani."

Isidra alishtuka. Mstari kwenye nguzo yao ulikuwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Wakihamia mlimani, mama akirudi atawakuta wapi?

Mchana ule alichukua nusu ya kumbi la nazi, lile tunalosugulia sakafu kwa mguu, akapanda juu ya pipa na kuusugua mstari hadi ukaisha. Kisha akachovya vidole kwenye tope, akachora mwingine usawa wa kiuno chake.

Kesho yake Rogelyn alipima. "Una uhakika maji yaliishia hapa, mdogo wangu?"

"Ndiyo, Dada."

Bibi yake, Bibi Pasing, hakujua maji yalifika wapi. Siku ya kimbunga yeye alikuwa kanisani, mlimani.

"Basi sakafu iwe mita moja na kidogo," Rogelyn alisema.

Mwenzake Dindo akacheka. "Na Bibi atapanda vipi? Kama nyani?"

"Nyani wewe mwenye mikono mirefu," Bibi Pasing akamjibu. "Minazi nimeipanda babu yako hajaota jino."

Baada ya wiki mbili kibanda cha kwanza kilisimama karibu na nguzo. Dindo alimpandisha Pepot, mdogo wake Isidra, mwenye miaka mitano.

"Simama wima, bwana mkubwa! Maji yakirudi kama yale, hata vidole vyako hayavigusi."

Pepot alijilaza palepale juu ya mianzi. "Mimi nitalala hapa. Hapa maji hayanipati, eti Dada?"

Isidra aliitazama nguzo. Akilini alimwona mama siku ile ya kimbunga, amesimama juu ya meza, maji kidevuni, akimsukuma Pepot juu ya boriti alikokuwa yeye. Halafu meza ikaondoka.

"Yatakupata," alisema. "Yatakupita kichwa. Mstari niliuchora mimi."

Dindo aliitupa nyundo. "Umetuchezea? Familia sita zingelala hapa! Kwa nini?"

Isidra alinyoosha kidole kwenye kisahani cha wali. Rogelyn alifunga daftari polepole.

Bibi Pasing alimshika mjukuu wake mabega.

"Nisikilize. Mama yenu alitumia nguvu zake za mwisho kuwainua. Wewe ulikuwa unajishusha tena majini, pamoja na ndugu yako na watoto wa wenzio. Mungu anajua mama yako alipo, wala hahitaji umsaidie kwa uongo. Hawa vijana wanajenga kwa maneno yetu. Neno la uongo likiingia humo linaua kama maji yalivyoua. Umesema kabla watu hawajalala humu, nami nashukuru. Sasa waonyeshe mstari wa kweli."

Isidra alipanda mabegani mwa Dindo, akanyoosha mkono, akapaka kwa rangi mstari mwekundu mahali ulipokuwa ule wa kwanza. Mita mbili na nusu.

Kibanda kilibomolewa, mwanzi mmoja mmoja, kikapandishwa mlimani. Nguzo iliachwa. Chini ya mstari Isidra aliandika kwa rangi ile ile: "Mama, tuko juu, nyuma ya kanisa."