Mstari wa Kyungu

Jumanne alasiri, jua likiwa bado kali, Mama Bilkisi aliegemea ukuta unaotenganisha kiwanja chake na cha Mado, akampongeza.

"Mama Shekina, mulipata mutu wa kupiga bariton? Anajua kabisa. Jana nilisimamisha hata mashini ya kushona juu ya kumusikiliza."

Mado alikuwa anaanika shuka. "Hatuna mutu," alisema. "Mu bendi tuko batatu tu."

"Mi nilisikia bane." Mama Bilkisi alihesabu kwa vidole. "Tarumbeta ya Tata Muamba. Tromboni ya Gracien. Klarineti ya mutoto. Na ile ya chini."

Mado alicheka, akaingia ndani kuliangalia bariton. Lilikuwa palepale juu ya kiti, limefunikwa kitambaa, halijaguswa kwa miezi kumi. Lakini kitambaa kilikuwa kimelowa, na kilinuka udongo mbichi.

Kolwezi nzima ilimjua Mado kwa kazi moja. Umpe wimbo wa ibada uliozoeleka kwa kwaya ya watu sitini, yeye ataugawa kwa vyombo vitatu au vinne na hutaona pengo. Aliandika kwa penseli, kwa herufi za solfa, zile do-re-mi, na juu ya kila karatasi hakuandika jina la chombo, aliandika jina la mtu. "Mi siandikie tarumbeta," alizoea kusema, "mi naandikia Muamba." Alijua Muamba anafika juu kiasi gani, na Gracien anaanza kuchoka wapi. Alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Bariton, tarumbeta nene la sauti ya chini, lilikuwa la mume wake, Kyungu. Shimo la shaba kwenye njia ya Tenke lilimfukia, na mwili haukutoka. Mado alikataa kilio. Hakuna maiti, hakuna kilio, aliwaambia ndugu wa mume, akawafungia mlango. Na katika kila wimbo mpya aliopanga aliendelea kumwachia Kyungu karatasi yake: jina juu, na chini vipimo vyote, vile vyumba vya mapigo, vitupu. Karatasi iliwekwa mbele ya kile kiti, na wengine walipiga wakizunguka ule utupu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, nalisema mapema ili nisije nikamsingizia shetani kila kitu.

Wiki ile walikuwa wanajiandaa kwa ibada ya Jumapili ya kuwakumbuka waliofukiwa mashimoni. Wimbo ulikuwa wa 114, vipimo kumi na sita, na Shekina, binti yao wa miaka kumi na saba, ndiye angeupiga peke yake kwa klarineti huku wengine wakimsindikiza. Jioni ya Jumanne Mado alitega sikio. Walipofika kipimo cha kwanza, chini kabisa, chini ya tromboni, kitu kilinguruma polepole kutoka kwenye kiti.

"Ni mabati tu," alisema Muamba bila kumtazama mtu. Gracien aliangalia viatu vyake.

Mado alichukua karatasi ya Kyungu. Vipimo vinne vya kwanza havikuwa vitupu tena. Viliandikwa herufi za solfa kwa matope mekundu, na matope yalikuwa hayajakauka. Shekina alikuwa ameketi sakafuni, anakohoa.

"Pumuzi imeisha, mama. Imeisha mbele ya kufika mwisho."

Jumatano vilijaa vipimo vinane, na Shekina akaishia nusu ya wimbo. Alhamisi vilijaa kumi na viwili. Mtoto sasa alipiga vipimo vinne tu, na kutoka chumbani hadi uani alipumzika mara mbili, mkono ukutani. Daktari alimpiga picha ya kifua, akasema mapafu ni mazima. Kila mmoja nyumbani alijua kuhesabu. Vilibaki vipimo vinne.

Ijumaa mchana Mado alijifungia na lile bariton. Niseme ukweli wake wote: sehemu ya moyo wake ilikuwa na furaha, na aliionea aibu.

"Kyungu," alinong'ona. "Ni weye?"

Bariton lilijibu. Lilipiga ule mstari wa chini wa 114, laini, safi, na Mado akalia kama alivyokataa kulia miezi yote kumi. Kisha, akiwa bado analia, sikio lake la kazi likaamka. Sauti ilipita kipimo cha sita bila kukatika. Ikapita cha saba, cha nane, ikaenda hadi mwisho. Kyungu hakuwahi kupita kipimo cha sita. Kwa miaka kumi na minane alivuta pumzi palepale, katikati ya sentensi, kwa kishindo, na kwa miaka kumi na minane waligombana juu ya hilo hadi mezani. Hiki kilichokuwa kitini hakikuvuta pumzi hata mara moja.

Machozi yalimkauka. Alitoka akaenda ukutani kumwita Mama Bilkisi, ambaye watu wenye majini walimjia hata kutoka Fungurume.

"Ni ya mu shimo," alisema Mama Bilkisi kwa sauti ya chini. "Iliona fasi yenye jina, na mwenyewe hayuko. Yeye hana pumuzi, njo maana anakula ya mutoto."

"Ufukuze."

"Mi niko na ubani na dua, nitasimama hapa nikuombee. Lakini fasi ni yako, mama. Ni weye uliifungua. Utoe jina."

Mado alinyoosha mkono juu ya ukuta. "Unipatie makasi," alisema mwishowe.

Jioni ile hawakupiga chochote. Jumamosi saa tisa Muamba alikuja na tarumbeta lake, lakini hakulitoa mkobani. "Tuache hii wimbo, mama. Tupige ingine."

"Wimbo ni ya kwetu," alisema Mado. "Nyumba ni ya kwetu. Mwenye atatoka ni ule."

Alikata juu ya karatasi kwa mkasi wa Mama Bilkisi, polepole, akatenga kipande chenye jina la Kyungu, akakitia kifuani. Kiliuma kuliko siku ile walipomletea habari. Kisha juu ya ile karatasi ya matope akaandika kwa penseli: Mado. Yeye ndiye aliyemfundisha Kyungu kupiga, enzi za uchumba. Akaketi kwenye kile kiti, akaliinua bariton, zito na baridi, midomo yake ikaonja shaba.

"Moja, mbili," alihesabu.

Wakaanza, na kile kitu kikaanza pamoja naye, ndani ya chombo kilekile, kikimsukuma pumzi irudi kooni, na harufu ya shimo ikajaa chumba hata Gracien akafumba macho, na Mado akaendelea kusukuma, kipimo cha tatu, cha nne, matope yakimtiririka kidevuni, masikio yakivuma, akimwona Shekina anavyobadilika rangi na kukataa kuishusha klarineti, hadi alipofika kipimo cha sita, katikati ya sentensi, pale ambapo hakuna mpangaji mwenye akili anayemruhusu mtu kuvuta pumzi, naye akatoa mdomo na kuvuta pumzi kwa kishindo, kama mume wake.

Kile kitu kikaendelea peke yake. Wote wakakisikia, sauti tupu isiyo na mtu.

Shekina alishusha klarineti. "Ule si papa wangu," alisema. Kisha akavuta pumzi, ndefu, hadi mabega yakapanda, akaupokea wimbo kutoka kipimo cha saba.

Bariton lilitapika maji mekundu miguuni pa Mado. Herufi zilikauka karatasini zikadondoka vumbi. Muamba na Gracien waliishiwa pumzi kwenye noti ya mwisho wakaacha, na binti akaishikilia peke yake mpaka mama yake akampigia makofi.

Jumapili baada ya ibada, ndugu wote wa Kyungu wakiwapo, kile kipande chenye jina kilizikwa makaburini, na Mado akalia kilio alichokuwa anadaiwa. Hakuna aliyemnyamazisha.

Jumanne Mama Bilkisi aliegemea ukuta.

"Jana nilihesabu bane."

"Ni bane. Mi napiga ya chini."

"Na kama siku ingine nitasikia batano?"

Mado aliibana shuka kwenye kamba. "Uniite," alisema. "Njo maana makasi yako sirudishe."