Breki Iliyolia

Nkwabi alikuwa mkulima wa pamba pale Nyegezi, kusini mwa Mwanza. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru mvua zilinyesha vizuri, pamba ikakubali. Akauza, akanunua pikipiki kuukuu. Kila asubuhi mkewe, Ng'washi, alimfungia kapu la samaki wakavu nyuma ya kiti, naye akalipeleka sokoni mjini. Watu walimwita bwana pikipiki. Alilipenda jina hilo.

Baada ya miezi michache gurudumu la nyuma lilianza kulia. Kila alipokanyaga breki, chuma kilisuguana na chuma. Ng'washi akamshauri aende kwa mzee Chenge, jirani yao, aliyetengeneza malori ya pamba kwa miaka mingi. Nkwabi hakutaka. Aliona aibu kuuliza habari za chombo chake mwenyewe. Alimjibu mkewe kwamba pikipiki zote hulia hivyo. Kisha akajaza grisi kwenye gurudumu mpaka ikavuja. Mlio ukapungua, naye akajiona fundi.

Siku moja alikuwa akirudi kutoka sokoni, anateremka kuelekea ziwani. Mzee Chenge alikuwa anavuka barabara na mzigo wa kuni. Nkwabi akakanyaga breki ya nyuma. Haikushika. Akabana breki ya mbele, lakini peke yake haikutosha. Alijaribu kumkwepa mzee, usukani ukamponyoka, pikipiki ikamgonga. Wote wawili wakaanguka. Mkono wa kulia wa mzee Chenge ulivunjika.

Hospitalini watu walimuuliza Nkwabi kilichotokea. Alisema breki ilikatika ghafla. Mzee Chenge alikuwa amelala pale pale, anasikia. Alimtazama tu.

Tangu siku hiyo Nkwabi hakupita mbele ya nyumba ya mzee. Alikwenda ziwani kwa kuzunguka nyuma ya majabali. Akisikia sauti ya Tereza, mke wa mzee Chenge, aligeuza njia. Pikipiki aliifunika mkeka. Alimtuma Ng'washi kupeleka uji na samaki, na mkewe aliporudi, Nkwabi hakuthubutu kumuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Jioni moja Ng'washi aliweka bakuli chini, akasema, "Chakula nitapeleka mimi. Pole yako siwezi kukupelekea."

Nkwabi akaenda. Alimkuta mzee ameketi uani, mkono umefungwa plasta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nkwabi alibaki amesimama, macho chini. Mwishowe akasema, "Mzee, breki haikukatika ghafla. Ililia siku nyingi. Niliisikia, nikaipaka grisi inyamaze."

"Nami niliisikia kila ulipopita," mzee Chenge akasema. "Nilingoja uje kuniuliza. Ningekuita, mkono huu ungekuwa mzima. Ilete kesho. Mimi siwezi kushika spana. Utashika wewe."

Kesho yake Nkwabi aliisukuma pikipiki mpaka uani, watu wakimtazama. Tereza aliitikia salamu yake bila kumwangalia. Mzee Chenge akakaa kwenye kigoda, akaelekeza.

Kwanza Nkwabi alisimamisha pikipiki juu ya stendi, mahali tambarare, akaliwekea jiwe gurudumu la mbele. Akafungua nati ya ufito wa breki, ule wa chuma unaotoka kwenye kanyagio hadi gurudumuni. Akatoa klipu ya cheni, kibanio kinachounganisha ncha zake, akaiondoa cheni. Akalegeza nati ya ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, akaichomoa, gurudumu likatoka. Kila kitu alikipanga juu ya gunia kwa mfuatano wa kukitoa, ili kukirudisha kusimchanganye.

Ndani ya gurudumu kulikuwa na vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga.

"Hivyo ndivyo viatu vya breki," mzee alieleza. "Ukikanyaga, vinatanuka na kulishika gurudumu kwa ndani. Pitisha kidole."

Nkwabi akapitisha. Ngozi iliyovikwa viatu ilikuwa imelika mpaka vichwa vya ribiti, misumari iliyoishikilia, na yote ilikuwa imelowa grisi.

"Mlio ulikuwa unakuambia viatu vimekwisha," mzee akasema. "Grisi ni ya beringi, zile gololi za katikati ya gurudumu, tena kidogo. Ikifika kwenye breki, breki inateleza."

Nkwabi alitazama grisi kwenye kidole chake, kisha plasta ya mzee. Hakuweza kuinua uso.

Alinunua viatu vipya mjini. Mzee alimkataza kupuliza vumbi la breki kwa mdomo, kwa sababu huumiza kifua. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Grisi aliitoa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na jiko. Akatoa viatu vya zamani, akafunga vipya, akarudisha gurudumu. Mdomo wa klipu ya cheni aliuelekeza nyuma, ili klipu isichomoke cheni ikizunguka. Akahakikisha gurudumu limenyooka na cheni ina ulegevu kidogo. Akakaza ekseli. Mwisho akarekebisha nati ya breki mpaka gurudumu likazunguka bila kukwaruza, na likasimama alipokanyaga.

"Sasa jaribu polepole, pasipo na watu," mzee akasema.

Breki ilishika bila mlio.

Mkono wa mzee Chenge ulipona, lakini vidole havikurudiwa na nguvu zake. Basi kila mwisho wa juma Nkwabi alikwenda kuwa mkono wake. Wenye baiskeli na pikipiki walianza kuja uani, na Nkwabi aliwaonyesha namna ya kukagua viatu vya breki kabla havijalia.

Siku moja mgeni kutoka Buzuruga alimsifu, akamuuliza ufundi ule aliupata wapi.

Nkwabi hakuficha. "Kwa mzee huyu," akasema. "Nilimgonga kwa breki mbovu, nikadanganya. Ndipo akanifundisha."

Tereza, aliyekuwa akipepeta mtama karibu nao, aliweka ungo chini. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji. Kwa mara ya kwanza tangu ajali ile, alimpa Nkwabi mkononi.