Mbeleko ya Amosi

Mbeleko ilikataa kukauka. Martina aliifua mara tatu kwa sabuni ya unga, akaianika juani uani kwake, mtaa wa Kalangalala. Kila alipoigusa, katikati ilikuwa na joto la mwili na ilinuka maziwa. Aliikunja hivyo hivyo, akaiweka juu ya beseni la kuogeshea, chandarua na nguo za mwanawe Amosi, aliyefariki mwaka jana akiwa na miezi minane.

Alikuwa anaondoa vitu chumbani. Vyote vilikwenda kwa jirani yake, Generoza, mwenye binti wa miezi mitano, Selestine.

"Mama Amosi, hadi kikombe cha uji? Utabaki na kuta."

"Chukua, mwenzangu. Panya wakilalamika nitawaelekeza kwako."

Siku ya kwanza Selestine alitolewa kwenye mbeleko hiyo akiwa na alama za meno mapajani. Generoza alidhani ni siafu. Siku ya pili, Generoza akiwa anasonga ugali wa mchana, kitambaa kilijikaza chenyewe. Mtoto alilia mara moja, kisha kitu kikalia kama kijiti kinachovunjwa. Ulikuwa mkono wake wa kushoto.

Mumewe, Sostenes, anayesaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha, aliirarua mbeleko mgongoni kwa mkewe, akamtoa mtoto, akaitupa juu ya gogo na kuikata kwa panga. Ilitoa damu. Pigo la pili panga lilijigeuza hewani, likamkata vidole viwili.

Waliporudi kutoka hospitali, mbeleko ilikuwa kwenye kamba ya nguo. Haikuwa na mkato hata mmoja.

Kesho yake mganga, Bibi Mbuke, alifika kwa basi la asubuhi kutoka Ushirombo. Aliagiza Martina aitwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto alifia wapi?"

"Mgongoni. Tulikuwa njiani kutoka zahanati. Nilipofungua fundo nyumbani ndipo nikajua."

"Na ulipoigawa mbeleko, ulimwambia ashuke?"

Ukoo wote wa Martina unalijua jambo hilo: mama huitandika mbeleko chini, humwita mtoto kwa jina, humwambia "shuka", ndipo huigawa kwa mwingine. Hata mtoto mzima anayekimbia uani huambiwa.

"Niliifua tu," alisema.

"Sasa kuna jini limeona mgongo una nafasi, likapanda. Si mwanao. Liambie lishuke. Neno moja, tena litoke kwako. Usipolisema, jini litammaliza mtoto huyu."

Generoza alirudi nyuma na mtoto mikononi, lakini mbeleko ilikuwa imeshajichomoa kwenye kamba, ikapita juu ya kichwa cha Sostenes na kumwangusha chini, ikajizungusha kwa Selestine kuanzia miguu hadi shingo, ikaanza kukaza, na mama yake aliyekuwa akiivuta kwa kucha na meno alionja damu ambayo hakujua ni ya nani, huku uso wa mtoto ukigeuka rangi na harufu ya maziwa yaliyochacha ikijaa uani hadi majirani waliokuja mbio wakaishia langoni.

Kisha kitambaa kikasema, kwa Kisukuma, "Mayu."

Mama. Amosi alikufa kabla hajajua kusema.

"Usiitike!" Bibi Mbuke alinong'ona. "Sema shuka. Sema, binti yangu, mtoto anakufa!"

Martina alimtazama Selestine. Alitengeneza neno midomoni, akaliacha.

"Mama Amosi," Generoza alisema kwa sauti ndogo, "nakuomba."

Martina alipiga hatua mbili, akageuka, akainama kama wanavyoinama akina mama wote.

"Panda," alisema. "Panda, baba."

Mbeleko ilimwachia Selestine. Mtoto alivuta pumzi, akalia. Kitambaa kilimpanda Martina mgongoni, kikajifunga kifuani mafundo mawili, na mbavu zikaanza kukatika moja baada ya nyingine, kwa mlio uliosikika hadi langoni. Alipiga magoti. Hakupiga kelele. Alipeleka mkono nyuma, akapigapiga mzigo ule taratibu.

"Lala, baba. Lala."

Damu ilimtoka mdomoni, akaanguka kifudifudi. Bibi Mbuke alimgusa shingoni, akaondoa kidole.

Martina alikuwa amekufa. Mkono wake uliendelea kubembeleza.