Pumzi Ndani ya Bomba la Moshi

Mshale wa mita ya kupimia umeme ulipanda, na gari lilikuwa limezimwa.

Kimeli alidhani ameona vibaya. Alikuwa amelala chini ya gari la Ogola, karani wa kiwanda cha majani chai, ndani ya gereji yake nyuma ya soko la Litein, mvua ya mchana ikipiga mabati. Taa ya injini ilikuwa imekataa kuzimika, na gari lilikunywa petroli kama trekta. Miaka ile ya tisini na kitu, fundi akikutana na sensa ya oksijeni kwenye gari la Japani, alikata waya akakwambia limepona. Kimeli hakuwa mtu wa kukudanganya hivyo. Sensa inanusa moshi ndani ya bomba. Ikishika joto inatoa umeme kidogo, na kompyuta ya injini inajua petroli imezidi au imepungua. Ikiwa baridi haitoi kitu. Basi.

Hii ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Na mshale ulipanda polepole, ukakaa, ukashuka. Ukapanda tena.

"Fundi, mbona umenyamaza?" Ogola aliuliza. "Mkunga amesema bibi yangu Jerusa anajifungua leo. Nataka nimfikishe hospitali Kericho kabla barabara igeuke uji."

"Nyamaza na wewe kidogo, karani."

Kimeli alichomoa waya unaokwenda kwa kompyuta. Mshale ukaendelea. Akabadilisha betri ya mita. Ukaendelea. Akaifungua sensa yenyewe kwa spana, akaiweka mezani, na mshale ukalala. Akaisogeza kwenye tundu ilimotoka, na mshale ukaamka.

"Waya ni mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Sensa ni nzima. Kuna kitu inapumua humu ndani."

"Sasa umekuwa nabii?"

"Weka mkono."

Ogola aliweka mkono. Hewa baridi ikamvuta kiganja, ikamwachilia, ikamvuta tena, na pamoja nayo ikaja harufu ya mafuta ya nywele na koti lililolowa. Aliutoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena.

Mama yake Kimeli, Chepchirchir, alikuwa amejikinga mvua mlangoni na kikapu chake cha chai mgongoni. Alinusa, akakiweka kikapu chini.

"Huyo anatafuta mtoto," alisema. "Sisi mtoto akizaliwa tunamtajia watu wetu waliokufa, mmoja mmoja. Jina ikimfanya apige chafya, tunajua ni nani amerudi. Huyu hajaitwa na mtu."

Aliinama kwenye bomba, akataja majina ya watu wake kwa kunong'ona. Kitu kile kiliendelea tu kupumua. Akamgeukia Ogola.

"Taja wako."

"Mama, mimi nina haraka."

"Taja," Kimeli alisema, "ama bibi yako hapandi hii gari."

Ogola alimtaja babake. Akamtaja nyanyake. Kisha akatazama chini, akasema, "Clifford."

Bomba lilipiga chafya. Ilikuwa chafya ya mtu mzima, yenye maji, na masizi yakaruka hadi ukutani.

"Ni ndugu yangu," Ogola alisema. "Gari ilikuwa yake. Alinyeshewa, akalala ndani na koti yake, injini inawaka apate joto, milango ya stoo imefungwa. Moshi ikammaliza."

"Na uliniambia umeinunua Kipkelion," Kimeli alisema.

"Ungeigusa?"

"Ningeigusa. Lakini ningejua ninagusa nini."

"Gombaneni baadaye," mama alisema. "Akipata jina kwa mtoto wako, mtoto atatoka vile yeye alienda, akitafuta hewa. Mkatalie. Wewe, si sisi. Na usimdanganye."

Ogola alipiga magoti kwenye oili, akaweka mdomo karibu na bomba. "Ndugu yangu, mtoto yuko njiani, sitakuficha. Lakini si wako. Jina lako haitaingia kwangu. Enda."

Pumzi ilivutwa ndani, ikavutwa, ikazidi kuvutwa mpaka vumbi la sakafuni likatambaa kuelekea bomba na nywele za Ogola zikainama mbele, mpaka mvua yenyewe ikaonekana kunyamaza juu ya mabati, na Kimeli, ambaye hakuwahi kuogopa gari lolote, akamshika mamake mkono kama mtoto na kungoja itoke, inangoja nini, kwa nini haitoki. Kisha ikatoka yote kwa mara moja, ikawapita miguuni, ikaenda mlangoni, ikaingia kwenye mvua.

Mshale ulilala. Kimeli alirudisha sensa, akawasha injini, akaiacha ishike joto. Mshale ukacheza upesi upesi, vile unavyotakiwa. Taa ikazimika.

"Imepona?"

"Gari imepona. Hayo mengine sijui, na sitakudanganya."

Ogola aliendesha kwa kasi hadi nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Alipofungua mlango, Jerusa alikuwa amelala kwenye mto, uso umelowa jasho, anatabasamu.

"Umechelewa. Ni kijana," alisema. "Uchungu ilitulia nikasinzia kidogo, na unajua vile watu wetu waliokufa huja ndotoni kuomba jina. Ndugu yako akaingia, koti yote maji. Akakaa hapo kitandani analia, ati wewe umemfukuza. Nikamwambia hawezi kufukuzwa kwake. Nikamkubalia."

Karibu na dirisha mkunga alikuwa amemlaza mtoto kifudifudi mkononi, akimpiga mgongoni, akimpiga tena. Hakugeuka kumsalimia.

"Mbona unasimama mlangoni, Baba Clifford?" Jerusa aliuliza. "Njoo umwone."